Istilahi za Umeme Mbele ya Muulizaji

Sisi tunaoshughulikia istilahi tumezoea kulipima neno jipya kwa mambo machache yaliyo wazi. Je, ni fupi? Je, linanyambulika? Je, halina maana nyingine itakayogongana nayo? Je, wataalamu wa fani inayohusika watalikubali? Maswali hayo ni mazuri, wala hatukusudii kuyabeza katika makala haya. Kasoro yake ni kwamba yote huulizwa na mtu ambaye tayari anaijua dhana yenyewe. Yule asiyeijua, ambaye ndiye hasa mwenye kulihitaji neno, hatumwiti kikaoni. Tunakuja kumkuta baadaye mlangoni pa nyumba yake, neno limekwisha kupitishwa, naye hana namna ya kulitumia kuuliza.

Fani ya umeme inalionyesha jambo hili kuliko fani nyingi, kwa sababu umeme umeingia vijijini kwa haraka. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 ukaanza kazi mwaka 2007, na kufikia mwaka 2025 Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa, kazi iliyobaki ikiwa ni ya vitongoji. Kwa upande wa lugha maana yake ni kwamba, katika muda usiofika miaka ishirini, watu wengi mno wamelazimika kusema habari za umeme kwa Kiswahili, na wengi kati yao wana lugha nyingine nyumbani. Hivyo ndivyo ilivyo Nyambureti, kata ya wilaya ya Serengeti mkoani Mara, ambako wengi huzungumza Kingoreme nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi, ya gulio, na sasa ya fundi wa umeme. Tuliketi uani huko siku nyumba mbili zilipokuwa zikitandazwa nyaya. Hatukwenda na hojaji. Tulisikiliza tu nani anauliza nini, na anajibiwa kwa neno gani.

Swali la kwanza lilitoka kwa mzee mwenye nyumba. Alimtazama fundi aliyekuwa juu ya ngazi, akasema, “Fundi, mwanangu, huu umeme mnaotuletea kwa waya ndio ule wa mvua, au ni wa namna nyingine?” Vijana wawili wasaidizi wakacheka. Fundi akajibu kwa adabu, “Huu ni wa TANESCO, mzee wangu,” akaendelea kupigilia misumari.

Sisi hatukuona la kuchekesha. Kiswahili kinatenganisha vizuri mambo matatu ya mawinguni: umeme ndio mwanga, radi ndiyo pigo, ngurumo ndiyo sauti. Tulipolichukua jina la mwanga huo tukaliweka kwenye waya, sisi wenyewe tulilizaa swali la mzee yule. Tena ni swali la heshima kubwa, maana mwaka 1752 wataalamu wa Ufaransa na Marekani, Benjamin Franklin akiwa mmoja wao, walikuwa wakihangaika kulijibu hilo hilo. Jibu lake ni ndiyo: asili ni moja. Mzee angepewa jibu hilo, angeelewa mara moja kwa nini anaambiwa achomoe redio wakati wa mvua ya radi, na kwa nini fundi anataka kuchimbia fimbo ya shaba ukutani kwa nje. (Ndugu zetu wa Kenya, wanaosema stima, neno lililokuja na mitambo ya mvuke, hawana swali hili, nasi hatujui kama tuwaonee wivu au tuwahurumie.)

Tuje sasa kwenye neno ambalo sisi tunalihesabu kuwa miongoni mwa mafanikio ya Kiswahili katika fani hii, nalo ni msongo. Vitabu vya shule vimeshikilia volteji. Taarifa za Serikali na za Shirika la Umeme husema njia ya msongo wa kilovoti 400, au wa kilovoti 33, na huo wa pili ndio unaopita juu ya nguzo nyingi za vijijini. Mzizi wake ni songa, kubana na kusukuma, nasi husema vilevile msongo wa mawazo. Mtu asiyejua fizikia hata kidogo anahisi kwamba kuna kitu kinachosukumwa, na kwamba msukumo huo unaweza kuzidi au kupungua. Ukiliweka neno hilo kando ya mkondo, ambalo kila aliyewahi kuvuka Mto Mara wakati wa mafuriko analijua, utaona kwamba nusu ya somo imekwisha kufundishwa kabla ya mwalimu kufungua kinywa. Vipimo vyenyewe, yaani volti, ampea, wati na omu, ni majina ya watu, na hakuna haja ya kuyatafutia tafsiri.

Lakini neno zuri linaweza kuharibiwa na sifa linayopewa. Mafundi na wahandisi hugawanya msongo kuwa mkubwa, wa kati na mdogo. Kwa mgawanyo unaokubaliwa kimataifa, umeme wa kubadilikabadilika usiozidi volti 1,000 unahesabiwa kuwa wa msongo mdogo. Umeme wa majumbani kwetu, ambao ni volti 230, umo humo. Sasa sikiliza alivyosema mama mmoja wa nyumba ya pili, akimweleza jirani yake aliyekuja kutazama: “Wametuambia huu wa ndani ni mdogo. Mkubwa ni ule wa kwenye nguzo. Kwa hiyo watoto tumewakataza nguzo.” Mama huyo hakukosea neno hata moja. Aliambiwa mdogo, akaelewa mdogo, kama sisi sote tunavyoelewa mbwa mdogo au moto mdogo. Wala hakuna fundi aliyemdanganya. Aliyekosea ni yule aliyekubali kwamba kitu kinachoweza kuua kiitwe mdogo kwa kuwa tu kipo kingine kikubwa zaidi. Tena neno hilo hilo lina kazi nyingine mitaani, kwani taa ikififia jioni watu husema umeme leo ni mdogo.

Maoni yetu ni kwamba mbele ya mwananchi tuache kabisa sifa hizo za ukubwa, tutaje tarakimu au mahali: msongo wa volti 230, au msongo wa majumbani. Wahandisi watasema kwamba hivyo tunaupoteza mpangilio wao wa ngazi tatu. Ni kweli tunaupoteza, nao wana haki ya kubaki nao katika michoro yao.

Neno lililotushughulisha kuliko yote ni shoti. Kamusi za zamani zinalijua kwa mwendo wa kasi wa farasi, na karani wa fedha analijua kwa upungufu anaoukuta jioni anapohesabu. Hayo hayana madhara, kwa kuwa hakuna farasi wala karani ndani ya swichi. Tatizo ni kwamba katika umeme penyewe neno hili limebeba mambo matatu. Kwanza, nyaya mbili zinapogusana mahali pasipopasa, mkondo ukawa mkubwa kupita kiasi na waya ukachemka: hiyo ni shoti. Pili, mtu anaposhika palipo na umeme ukampitia mwilini: amepigwa shoti. Tatu, pasi au mlango wa bati unapomwasha mtu kidogo akiugusa, kwa sababu umeme unavuja mahali: nyumba ina shoti.

Huenda msomaji akadhani kwamba muktadha utatenganisha maana hizo, kama unavyotenganisha kaa la moto na kaa wa pwani. Hautoshi. Mzee yuleyule alipoonyeshwa kisanduku chenye vizimio vya kujikata, ambavyo mafundi huviita breka, aliuliza, “Na hizi kazi yake nini?” Fundi akajibu, “Hizi zinazuia shoti, mzee wangu.” Jibu hilo ni sahihi kwa maana ya kwanza na ni uongo mtupu kwa maana ya pili. Breka ya kawaida ya soketi hungoja mkondo upite kiwango chake, tuseme ampea 20 au 32, ndipo ikate. Mwili wa binadamu haupitishi mkondo mkubwa kiasi hicho kwa volti 230. Kwa kawaida haufiki hata ampea moja, na sehemu ndogo tu ya ampea, mamia machache ya miliampea au hata chini ya mia, inatosha kuusimamisha moyo. Kwa hiyo mtu anaweza kufa akiwa ameshika waya, na breka ikabaki imesimama wima bila kujua lolote. Kinachoweza kumwokoa ni kifaa kingine kabisa, kile kinachotambua kuvuja kwa umeme na kuukata unapofika miliampea 30, nacho hakikuwamo ndani ya kisanduku kile. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Amelipia kinga ya nyaya, naye anaamini amelipia kinga ya wajukuu.

Hapo ndipo tulipoona kwamba utata wa istilahi si suala la unadhifu wa lugha tu. Lakini tulijiuliza vilevile: sisi tumempa fundi neno gani badala ya shoti? Waliokwisha kujaribu wametafsiri neno kwa neno wakapata saketi fupi. Hatuoni kwamba istilahi hiyo inamsaidia mtu yeyote. Asiyejua saketi hajui ni kitu gani kimekuwa kifupi, naye anayeijua hakuihitaji tafsiri. Zaidi ya hayo ufupi si hoja, kwani nyaya zinaweza kugusana mwisho kabisa wa nyumba. Kinachotokea ni mgusano, na Kiswahili kinaweza kusema hivyo bila shida: mgusano wa nyaya. Kwa jambo la tatu watu wa Nyambureti wenyewe walisema umeme unavuja, kama wanavyosema bati linavuja, na hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Kwa jambo la pili, yaani mtu kupitiwa na umeme, lugha ya watu imewatangulia wataalamu kwa mbali. Nchini kote husemwa amenaswa na umeme. Tulifikiri mwanzoni kwamba ni usemi wa mitaani tu, na kwamba mshtuko wa umeme ungefaa zaidi kwa maandishi rasmi. Baada ya kulitafakari tumebadili mawazo. Umeme wa majumbani hubana misuli ya mkono hata vidole vikakaza juu ya kile kilichoshikwa, na mwenyewe akashindwa kuachia. Huko ndiko kunaswa hasa, kama ndege katika ulimbo. Mshtuko humfanya mtu aruke, akapumua, akasimulia. Kunaswa humweka palepale. Neno hilo linafundisha pia la kufanya: aliyenaswa haokolewi kwa kuvutwa mkono, kwa sababu anayemvuta naye atanaswa, huzimwa swichi kwanza. Pendekezo letu ni kwamba shoti iachwe katika mazungumzo kama ilivyo, hatuna uwezo wa kuiondoa, lakini katika fomu, mabango, vitabu vya mafunzo na tafsiri za maelekezo ya vifaa isitumike kamwe. Mahali pake pawe na mgusano, kunaswa na kuvuja, kila moja kwa kazi yake.

Kuhusu njia moja na njia tatu tutasema kidogo. Ofisi husema umeme wa njia moja, mafundi husema fezi, shule husema awamu. Mwenye nia ya kufunga mashine ya kusaga alitaka kujua kama njia tatu ni nyaya tatu. Swali lake lina haki, maana neno lenyewe linamwalika ahesabu. Naye akihesabu anakuta kwamba njia moja ina nyaya mbili na njia tatu ina nyaya nne. Awamu ni sahihi zaidi kwa mwanafunzi, kwa sababu tofauti iliyopo ni ya wakati: misongo mitatu inapanda na kushuka kwa kupokezana. Lakini awamu imekwisha kushikwa na siasa na miradi, na tuliambiwa kwa mzaha kwamba kuna aliyesikia REA Awamu ya Tatu akadhani nguzo zake zitakuja na umeme wa mashine. Tunaona njia ibaki kwa mteja na awamu kwa darasa, mradi kamusi izikutanishe na kueleza hesabu ya nyaya.

Swali gumu kuliko yote liliulizwa na binti wa shule ya sekondari. “Kama umeme unakuja nyumbani, kwa nini kila taa ina waya wa pili?” Msaidizi akamjibu kwamba huo ni nyutro. “Nyutro ni nini?” “Ni ule usio laivu.” “Na laivu?” “Ni ule usio nyutro.” Kisha akamtupia methali, asiyejua maana haambiwi maana, na watu wakacheka. Tuseme kweli: kijana yule hakuwa na kiburi. Alikuwa amefika mwisho wa maneno yake. Alifundishwa majina mawili ya kutofautishia nyaya, hakufundishwa jina linaloeleza kazi, na mtu akibanwa kwenye ukuta huo hutoka kwa mzaha.

Ni rahisi kusema tuite waya wa kuleta na waya wa kurudisha. Binti angeridhika, kwani mkondo ni lazima uwe na mahali pa kuzungukia, vinginevyo haupiti. Hata hivyo tunaogopa. Kinachorudishwa huonekana kama kimekwisha nguvu, kama maji ya mfereji yaliyokwisha kumwagilia shamba, na mtu atadhani waya huo hauna hatari. Ukweli ni kwamba ukikatika ilhali swichi imewashwa, taa huzimika, lakini kipande kilichobaki upande wa taa huwa na msongo kamili kupitia taa yenyewe. Ukikatika nje, kwenye nguzo za njia tatu, nyumba nyingine hupata msongo mkubwa kupita kiasi na nyingine mdogo mno, vifaa vikaungua na watu wakasema umeme mkubwa umeingia. Kwa hiyo waya wa kurudisha unajibu swali la binti na unazaa ajali ya kesho.

Waya wa tatu, wanaouita ethi, ulipita bila kuulizwa na mtu. Ukimya huo ni mbaya kuliko swali lolote, kwa kuwa taa huwaka bila huo, na mwenye nyumba anayepunguza gharama huanzia hapo. Waya wa ardhini haufai kuwa jina lake, maana utadhaniwa ni ule unaofukiwa. Waya wa kinga unasema kazi. Na kwa kuwa tumegusa majina ya nyaya, tulimsikia fundi akiagiza nyekundu, akaletewa ya kahawia, akaipokea bila neno. Mpango wa zamani wa Kiingereza ulikuwa nyekundu na nyeusi, wa sasa ni kahawia na bluu. Kuita waya kwa rangi yake kulifaa rangi zilipokuwa zimetulia. Siku hizi nyeusi, ambayo zamani ilikuwa nyutro, katika mpango mpya wa njia tatu ni mojawapo ya nyaya zenye msongo.

Maneno ya malipo tuliyakuta yakifanya vizuri zaidi. LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ni jina linalojieleza lenyewe, ingawa sasa watu husema luku imeisha kama wanavyosema sukari imeisha. Uniti inahitaji mstari mmoja tu wa maelezo: taa ya wati 10 kwa saa 100, au pasi ya wati 1,000 kwa saa moja. Penye utata ni kuunganishiwa. Malipo ya shilingi 27,000 yaliyotangazwa kwa vijijini, kwa njia moja, yanaufikisha umeme kwenye nyumba. Kutandaza nyaya ndani ni gharama nyingine ya mwenye nyumba, isipokuwa akichukua kile kibao cha Umeme Tayari, UMETA. Aliyesikia kuunganishiwa akafikiri ni pamoja na taa hastahili kuitwa mbishi.

Itasemwa kwamba mafundi wanahitaji laivu, nyutro na ethi, kwa kuwa vifaa wanavyofunga na vitabu walivyosomea vimeandikwa hivyo. Hatubishi. Daktari naye ana maneno ya kuzungumza na daktari mwenzake na maneno ya kuzungumza na mgonjwa, wala hatuhesabu kwamba amepungukiwa na utaalamu anapotumia ya pili. Tunachokihakiki hapa ni kazi yetu wenyewe. Kadi zetu za istilahi zina nafasi ya neno la kigeni, neno la Kiswahili, fani na fasili. Hazina mstari wa kuandika swali ambalo asiyejua ataliuliza akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, wala jibu atakalojipa mwenyewe asipojibiwa. Mstari huo ungekuwapo, msongo mdogo usingepita kikaoni.

Kadi ya nyutro tumeirudisha mezani bila neno. Jioni, akikusanya koleo zake, fundi alituambia kwamba kwao, akizungumza na babu yake, huuita waya wa kurudi, na akizungumza na wenzake huuita nyutro. Tulimwuliza kama babu yake anajua kwamba waya wa kurudi nao unanasa. Alifikiri kidogo, akasema hajawahi kuulizwa. Tunawaomba walimu wa ufundi na watafsiri wa Tarime, Bunda, Ukerewe na kwingineko ambako mafundi wanafanya kazi kwa lugha mbili au tatu watuletee neno wanalolitumia, pamoja na maelezo ya nani aliuliza na alijibiwa nini.